Usimamizi wa miradi ya tovuti kwa kujitegemea: mteja anakulipa kwa kazi ipi hasa?

Wanajukwaa, salaam.

Humu jukwaani vijana huuliza mara kwa mara namna ya kuingia katika kazi za tovuti, na majibu karibu yote huelekea upande mmoja: jifunze lugha fulani ya programu, soma kozi fulani, fungua akaunti kwenye masoko ya kazi ya mtandaoni. Kazi isiyozungumzwa sana ni hii ninayoifanya mimi hapa Dar es Salaam, ya kusimamia miradi ya tovuti bila kuajiriwa na kampuni yoyote. Sichori muonekano wa kurasa wala siandiki msimbo. Ninachukuliwa na mteja mwenyewe, au na kampuni ndogo ya watengeneza tovuti iliyozidiwa na kazi, nausimamia mradi tangu mkataba hadi tovuti iwe hewani na mteja awe amekabidhiwa funguo zake zote, kisha naondoka.

Hoja yangu katika uzi huu ni moja. Tovuti nyingi zinazochelewa zimekwama kwenye maamuzi ambayo hakuna aliyeyafanya na maudhui ambayo hakuna aliyeyaleta, na kwa sababu hiyo msimamizi anayejitegemea anapaswa kuuza kazi ya kuyapata maamuzi hayo kwa wakati, kuiandika katika mkataba na kulipwa kwayo. Anayejinadi kama nyapara wa mafundi hulipwa kinyapara, na mambo yakiharibika lawama zote humwangukia yeye.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko wazi kwa ulimwengu mzima. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilizindua HealthCare.gov, tovuti ya kuwawezesha wananchi kununua bima ya afya, na siku hiyo ya kwanza ni watu 6 tu waliofanikiwa kukamilisha usajili. Fedha zilikuwapo, na makampuni makubwa yenye wataalamu yalikuwa kazini. Wakala wa serikali uliosimamia mpango huo ulijipa wenyewe jukumu la kuunganisha kazi za wakandarasi wote, masharti yaliendelea kubadilika hadi mwishoni, na majaribio ya mfumo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho yakabanwa katika majuma machache ya mwisho. Marekebisho yalipoanza, serikali ilimleta Jeffrey Zients kuongoza uokoaji, kampuni moja ikapewa dhamana ya kuwa mkandarasi mkuu, na timu zikawa na vikao vifupi vya kila siku pamoja na orodha moja ya hitilafu iliyopangwa kwa uzito wake. Wataalamu walihitajika na walifanya kazi kubwa, lakini jambo lililobadilika kwanza lilikuwa kwamba sasa yupo mtu anayejulikana wa kuamua kipi kitangulie na kipi kisubiri.

Sasa tuushushe mfano huo hadi kwenye kazi zetu. Fikirieni kampuni ya utalii ya Arusha inayotaka tovuti mpya yenye kurasa za safari, bei na sehemu ya kuhifadhi nafasi. Mtengeneza tovuti akishakabidhiwa michoro, kurasa hizo si kazi ya miezi. Kinachochukua miezi ni bei za msimu wa juu ambazo mkurugenzi bado anazipima, picha ambazo haijulikani zilipigwa na nani na kama kampuni ina haki ya kuzitumia, masharti ya kurudisha fedha pale mgeni anapoahirisha safari, na swali la nani mwenye kauli ya mwisho kati ya mkurugenzi, mkuu wa mauzo na ndugu aliyeko nje anayetuma maoni kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku. Hakuna kati ya hayo linalotatuliwa kwa kuongeza fundi. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa mkataba wangu una jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha, jina la atakayekaimu akisafiri, na idadi ya siku za kazi anazopewa kutoa jibu. Wateja wengine hushtuka wakiuona. Mteja anayekataa kabisa kuujaza ukurasa huo simchukui, hata kama fedha zake ni nzuri, kwa sababu mradi wake tayari umeshachelewa kabla haujaanza.

Chombo changu kikuu cha kazi ni daftari la maamuzi, ambalo kwa kawaida ni jedwali tu ambalo mteja na mafundi wote wanaweza kulifungua na kulisoma. Lina namba ya uamuzi, tarehe, jambo lenyewe, aliyeamua, athari kwa siku na athari kwa fedha. Mstari mmoja huweza kusomeka hivi: «Na. 14. Mteja ameomba malipo ya simu yaongezwe pamoja na malipo ya kadi. Ameidhinisha mkurugenzi. Siku 7 za kazi kwa mtaalamu wa programu, bila kuhesabu muda wa mtoa huduma ya malipo kumsajili mteja. Gharama imeongezwa kwenye ankara ya awamu ya tatu.» Angalieni maneno hayo, «bila kuhesabu muda wa mtoa huduma». Kuunganisha tovuti na mfumo wa malipo ni kazi ya siku chache kwa anayeijua, lakini mtoa huduma hataanza kumhudumia mteja kabla hajaona namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara na nyaraka za usajili kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na endapo leseni imekwisha muda wake, mradi mzima utaisubiri leseni. Msimamizi makini huziomba nyaraka hizo siku ambayo ombi la malipo linatajwa kwa mara ya kwanza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii mali inayopotea ni siku. «Hilo si dogo tu?» ndiyo kauli inayokula faida ya miradi ya tovuti kuliko nyingine yoyote. Sipendekezi kumkatalia mteja jambo dogo. Napendekeza liandikwe daftarini hata kama gharama yake ni sifuri, ili likifika la kumi na tano kila mtu aone yalivyolundikana.

Linalofuata ni vigezo vya kukubali kazi. Maneno kama «tovuti iwe ya kisasa na yenye kasi» hayapimiki, na yasiyopimika huishia kwenye ugomvi wa malipo ya mwisho. Vipimo vipo, tena havihitaji gharama. Google wanahesabu kuwa ukurasa una kasi nzuri ikiwa sehemu yake kubwa inayoonekana imefunguka ndani ya sekunde 2.5, na tangu Machi 2024 wanapima pia muda ambao ukurasa unachukua kuitikia mtumiaji anapobonyeza, ambao unatakiwa usizidi milisekunde 200. Kwa wenye uoni hafifu, mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Andika namba hizo kwenye mkataba, na taja pia simu ambayo majaribio yatafanyiwa. Mimi husisitiza simu ya bei nafuu yenye bando la kawaida, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyonayo msomaji wetu wa Tandika au Igoma. Mkurugenzi anayeangalia tovuti yake kwenye kompyuta mpya yenye intaneti ya ofisini hajaiona bado.

Siku ya kuweka tovuti hewani nitaieleza kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo heshima ya msimamizi hujengwa au kubomoka. Jambo la kwanza la kuuliza, tena katika kikao cha kwanza kabisa, ni nani mwenye kikoa, yaani jina la tovuti mtandaoni. Majina yanayoishia na .tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, na mara nyingi inagundulika kwamba akaunti kwa msajili ilifunguliwa kwa barua pepe ya mfanyakazi aliyeacha kazi zamani. Kulirudisha jina hilo mikononi mwa kampuni kunataka barua na uthibitisho, na kunachukua muda wake. La pili ni barua pepe za ofisi. Fundi akihamisha kikoa kwenda kwenye seva mpya bila kunakili rekodi za MX, ambazo huelekeza barua pepe ziende wapi, tovuti itapendeza na barua pepe za kampuni nzima zitanyamaza, na mteja hatakumbuka uzuri wa tovuti hata kidogo. La tatu ni muda ambao rekodi za kikoa hukaa kwenye kumbukumbu za seva za watu wengine, ambao huwekwa kwa sekunde. Kama umewekwa 86400, yaani saa 24, basi mabadiliko yanaweza kuchukua siku nzima kuonekana kwa wote, kwa hiyo muushushe hadi 300 angalau siku moja kabla ya kuhama. Mwisho, hamieni Jumanne au Jumatano asubuhi, wakati mafundi wote wako macho na msajili anapokea simu. Mteja anayelazimisha Ijumaa jioni aelezwe kwa maandishi kwamba hitilafu ya usiku huo itasubiri Jumatatu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Malipo yasifungwe kwenye tukio moja la «tovuti ikikamilika», kwa sababu mteja asiyeleta maudhui anaweza kuifanya siku hiyo isifike kamwe. Chukua kishika uchumba kabla ya kuanza, gawa kilichobaki kwa awamu zenye tarehe, na weka kifungu kinachosema kwamba mradi ukisimama siku 14 kwa kumsubiri mteja, ankara ya awamu hiyo inatoka. Mteja ambaye ni kampuni atakata asilimia 5 ya ada yako kama kodi ya zuio. Usilalamike, ila dai cheti cha makato hayo, kwa kuwa kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

Naomba michango, hasa ya wenye uzoefu tofauti na wangu.

Mchangiaji kutoka Mwanza:

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa somo hili. Mimi ni mtengeneza tovuti, nimefanya kazi za shule na hoteli za huku kwetu kwa miaka kadhaa, na ningependa kuhamia kwenye usimamizi. Naambiwa bila cheti cha usimamizi wa miradi cha PMP sitapata wateja. Je, ni kweli? Na je, kuacha kuandika programu si kujipunguzia kipato?

Mleta uzi:

Kaka, cheti cha PMP hutolewa na taasisi ya Project Management Institute, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, na mwenye shahada hutakiwa kuwa na miezi 36 ya kuongoza miradi pamoja na saa 35 za mafunzo kabla ya kufanya mtihani. Kina thamani halisi kwa anayewania zabuni za mashirika ya kimataifa au taasisi kubwa, ambako wakati mwingine hutajwa kwenye hadidu za rejea. Mwenye hoteli ya Mwanza hatakuuliza. Atauliza ni nani mwingine uliyemfanyia kazi na kama tovuti yake ilitoka kwa wakati. Ushauri wangu ni uanze na wateja ulionao sasa: katika mradi unaofuata, tenga ada ya usimamizi kama mstari unaojitegemea kwenye makadirio ya gharama, eleza kinachopatikana kwa ada hiyo, na mpe fundi mwingine kazi ya programu. Kuhusu kipato, kinachopungua ni saa zako mbele ya msimbo, na hilo ni zuri, kwa kuwa msimamizi anayerekebisha hitilafu kwa mikono yake usiku hana nguvu ya kumfuata mteja asubuhi. Ujuzi wako wa ufundi utakusaidia kwenye makadirio: fundi akikuambia siku 3, utajua kama ni 3 au ni 8.

Mchangiaji kutoka Nairobi:

Mkuu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini huo mtindo wa mkataba wa awamu na vigezo vilivyofungwa unanitia shaka. Wateja wangu wanataka kufanya kazi kwa Agile, yaani kujenga kidogo kidogo na kurekebisha mpango njiani, kwa vipindi vya wiki mbili mbili, na wakati huohuo wanataka bei isiyobadilika. Daftari lako la maamuzi si litageuka kuwa kamba ya kuwafunga?

Mleta uzi:

Mkuu, swali lako ni zito na naona linawagusa wengi. Tamko la Agile liliandikwa mwaka 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, jimbo la Utah, na moja ya kauli zake inathamini ushirikiano na mteja kuliko majadiliano ya mkataba. Naiheshimu kauli hiyo. Lakini waajiriwa wa kampuni wanaweza kumaliza kipindi cha wiki mbili bila uamuzi wa mteja na bado mshahara ukaingia mwisho wa mwezi. Mimi na wewe hatuna mshahara huo. Panapotakiwa bei ya kudumu, nakubali bei na tarehe vibaki palepale, halafu wigo wa kazi ndio unaolegezwa. Mteja anapanga mahitaji yake yote katika mafungu matatu: yasiyokwepeka, yenye umuhimu, na yatakayofanyika nafasi ikiruhusu. Kila baada ya wiki mbili tunaonyesha kilichokamilika, mteja anaruhusiwa kupandisha jambo lolote kutoka fungu la chini, kwa sharti kwamba atataja jambo la uzito unaolingana litakaloshuka. Daftari linaandika mabadilishano hayo. Kwa namna hiyo mteja ana uhuru mkubwa kuliko angekuwa nao kwenye wigo uliofungwa, na anaona bei ya kila uhuru anaoutumia. Kama hataki kutaja cha kushuka, basi anachotaka ni kazi ya bure, na hapo nakubaliana nawe kwamba hakuna mtindo wa kazi utakaotusaidia.

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Mimi nipo upande wa pili, naagiza tovuti kwa niaba ya shirika lisilo la kiserikali. Dada yangu au kaka yangu mleta uzi, kwa heshima zote, sisi tunaona ada ya msimamizi kama gharama ya ziada. Mtengeneza tovuti tunaye, ofisa mawasiliano tunaye. Msimamizi anatuongezea nini?

Mleta uzi:

Dada, nashukuru sana kwa kuja, kwa sababu sauti ya upande wenu haisikiki vya kutosha. Kama ofisa mawasiliano wenu ana nusu ya wiki yake iliyo wazi, ana mamlaka ya kumwambia mkurugenzi kwamba jibu lake limechelewa, na anaelewa anachoambiwa na fundi, basi hammhitaji mtu kama mimi, nami ningekuambia hivyo kabla ya kusaini. Mara nyingi hali si hiyo. Ofisa huyo anaandaa ripoti ya mfadhili, anasafiri kwenda kwenye miradi, na tovuti ni jambo la saba kwenye orodha yake.

Nikupe jambo moja mahususi. Shirika lenu bila shaka lina fomu mtandaoni zinazokusanya majina, namba za simu, pengine hata taarifa za afya za wanufaika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na chini yake taasisi inayokusanya taarifa hizo inapaswa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kueleza zinakusanywa kwa ajili gani na kuzilinda. Fundi wenu ataijenga fomu mtakayomwagiza, maana hiyo ndiyo kazi yake. Ofisa mawasiliano ataomba fomu yenye maswali mengi, maana mfadhili ameomba takwimu. Mtu wa kuuliza «swali hili la tisa tunalihitaji kweli, majibu yatahifadhiwa kwenye seva ya nani, na ni nani atakayeyafuta mradi ukiisha?» kwa kawaida hayupo mezani. Hiyo ndiyo kazi mnayoilipia. Maswali hayo huulizwa kwa bei ndogo kabla fomu haijajengwa, na kwa bei kubwa baada ya watu elfu moja kuijaza.

Mchangiaji kutoka Mwanza:

Nimerudi tena, mkuu. Nina mradi mmoja wa shule ambao umekwama, mteja hajibu na salio langu liko kwake. Sikuwa na kifungu cha siku 14. Nifanyeje?

Mleta uzi:

Pole, kaka. Usimtumie ujumbe wa kulalamika, na usizime tovuti yake, kwa kuwa ukiizima wewe ndiwe utakayekuwa umevunja makubaliano. Kusanya kwanza ulichonacho: barua pepe, ujumbe wa WhatsApp, uthibitisho wa malipo ya awali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ushahidi wa namna hiyo, kwa hiyo makubaliano yenu yapo hata kama hakuna karatasi yenye muhuri. Kisha mwandikie mkuu wa shule, na nakala kwa mhasibu, barua ya ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje kazi zilizokamilika, kila moja na kiungo chake kwenye seva ya majaribio. Aya ya pili itaje vitu vinavyosubiriwa kutoka kwao, kila kimoja na tarehe uliyokiomba. Aya ya tatu iwape njia mbili za kuchagua: walete vilivyobaki ndani ya siku 10 za kazi na wewe umalize kwa bei ileile, au mfunge mradi kwa kiwango kilichofikiwa, wakulipe kilichokamilika na uwakabidhi faili zote pamoja na maneno ya siri. Taja tarehe yenyewe, usiandike «mapema iwezekanavyo». Barua hiyo usiitume kwenye simu peke yake. Ichapishe, ipeleke masijala, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.